Majembe ya Bure kwa Mafundi wa Tovuti

Siku moja jioni, baada ya masomo, kijana mmoja aliyekwisha kufanya mtihani wa Serikali alitujia nyumbani hapa Bunia, uso wake umejaa huzuni. Mkononi alikuwa na flashi ndogo. Alitueleza ya kwamba ndani yake mna programu ya kutengenezea tovuti, aliyoinunua kwa dola ishirini. Fedha hizo alizipata kwa kubeba matofali majuma mawili. Aliyemwuzia alimhakikishia kuwa pasipo programu ile hakuna mtu awezaye kuitwa fundi wa tovuti. Kumbe ilikuwa nakala ya wizi. Alipoifungua katika kompyuta ya kaka yake, virusi viliingia vikaharibu kazi zote zilizokuwamo.

"Mwalimu," akatuuliza, "sasa nitapata wapi dola ishirini nyingine?"

Tukamjibu: "Huna haja nazo. Hata programu ile ingalikuwa nzima, usingaliihitaji. Vyombo vya kazi hiyo hutolewa bure."

Hakusadiki mara moja. Alidhani twamtuliza tu, kama mtu amtulizavyo mfiwa. Nasi twajua kuwa vijana wa namna yake ni wengi, kutoka Mudzipela hata Nyakasanza, na hata huko Mahagi na Aru. Wana akili, wana hamu, lakini wamefungiwa mlango na uwongo huu mmoja: ya kwamba ufundi wa tovuti ni wa wenye fedha. Kwa hiyo tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu mambo yalivyo, ili wazazi wasidanganywe, na vijana wasipoteze jasho lao.

Kitu kilichotolewa kwa watu wote

Tovuti ni kurasa zilizowekwa katika kompyuta fulani, ili mtu yeyote mwenye intaneti apate kuzisoma, awe Bunia, Kampala au Bruxelles. Aliyebuni utaratibu huo ni Mwingereza, Tim Berners-Lee. Mwaka 1989 alikuwa akifanya kazi CERN, chuo kikubwa cha uchunguzi wa sayansi karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Aliona kuwa wenzake wana maandiko mengi katika kompyuta mbalimbali, wala hayaunganiki. Akawaandikia wakubwa wake shauri la kuyaunganisha, na mwaka 1991 tovuti ya kwanza ilikwisha kufunguliwa.

Sasa msomaji atazame neno hili vizuri. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN ilitangaza kwamba kazi hiyo ni mali ya watu wote, na kila mtu aweza kuitumia pasipo kulipa. Kama wangalitaka kudai ushuru kwa kila ukurasa, nani katika Ituri angaliweza kulipa? Basi, ubure tunaousema hapa si sadaka ya leo wala hila ya mfanya biashara. Ni msingi ambao nyumba nzima ilijengwa juu yake.

Somo la kwanza halihitaji intaneti

Watu wengi hawajui kuwa mwanafunzi aweza kuanza kazi hii pasipo kununua hata mega moja. Ukurasa wa tovuti ni maandiko ya kawaida yaliyotiwa alama, na utaratibu wa alama hizo huitwa HTML. Fungua programu ndogo ya kuandikia iliyomo tayari katika kompyuta ya Windows. Jina lake ni Notepad, na katika kompyuta zinazosema Kifaransa huitwa Bloc-notes. Kichwa cha habari kitie kati ya alama mbili. Ile ya kufungua ni h1 ndani ya vialama viwili vyenye ncha, na ile ya kufunga ni hiyo hiyo, ila hutanguliwa na mkwaju. Kila aya itie kati ya alama za p kwa namna ile ile. Kisha hifadhi faili hilo kwa jina linaloishia kwa .html, ulifungue kwa Firefox au kivinjari chochote kingine. Hapo utaona ukurasa wako wa kwanza.

Twaweza kuufananisha ufundi huu na kujenga nyumba. HTML ni nguzo, fito na udongo: bila hizo hakuna nyumba. CSS ni lipu, chokaa na rangi: ndiyo inayoamua ukubwa wa herufi, nafasi kati ya aya, na sura yote ya ukurasa. Tena ipo JavaScript, nayo ni kama bawaba na makomeo: hufanya vitu vifunguke na kufungika msomaji anapovigusa. Fundi mwenye busara hapaki rangi kabla ya kusimamisha nguzo. Vivyo hivyo mwanafunzi ajifunze HTML kwanza, kisha CSS, na JavaScript mwisho. Wako wanaorukia ya tatu kwa sababu wameona inang'aa. Baada ya mwezi mmoja huchoka, wakaacha vyote.

Jambo moja dogo limewasumbua wengi. Mwanzoni mwa ukurasa taja utaratibu wa herufi uitwao UTF-8. Usipoutaja, é na ç za Kifaransa, au ɛ na ɔ zinazotumika katika uandishi sanifu wa Kilingala, zaweza kutokea kama takataka, na msomaji atadhani mwandishi hakwenda shule.

Vyombo vya mkononi

Wahenga walisema: mchagua jembe si mkulima. Hatutaki kijana apoteze mwezi mzima akilinganisha programu. Tunataja chache tu, zinazotosha.

Chombo cha kwanza ni karatasi na kalamu. Kabla ya kugusa kompyuta, chora ukurasa: jina litakaa wapi, picha wapi, na msomaji akitafuta namba ya simu ataiona wapi. Fundi asiyechora kwanza hubomoa mara tatu.

Kwa kuandika, Bloc-notes yafaa kwa siku za kwanza. Baadaye utapenda programu inayozitia alama rangi ili makosa yaonekane upesi. Kwa kompyuta ya zamani yenye nguvu kidogo chukua Notepad++, inayotolewa tangu mwaka 2003, au Geany, ambayo hufanya kazi hata katika Linux. Mwenye kompyuta yenye nguvu atumie Visual Studio Code, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2015. Zote ni za bure. Asiye na kompyuta, bali ana simu ya Android, aweza kuandika kwa programu iitwayo Acode. Kufanya kazi ndefu kwa simu huchosha macho na vidole, hatufichi. Lakini kuchoka si kushindwa.

Kwa kutengeneza picha iko GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis, na kutolewa kwa watu mwaka 1996. Kwa kuchora nembo na michoro isiyoharibika hata ikikuzwa, iko Inkscape ya mwaka 2003. Kazi nyingi ambazo watu huziibia programu za bei kubwa, hizi mbili huzifanya kwa halali.

Herufi nzuri nazo hutolewa bure. Google Fonts, iliyofunguliwa mwaka 2010, ina aina nyingi mno. Kwa lugha za Afrika zenye herufi za pekee na alama juu yake, twapenda Gentium, iliyochorwa na Victor Gaultney wa SIL kwa kusudi la kuwafikia watu wa lugha nyingi.

Na mtu ambaye Windows yake yenyewe ni ya wizi, aifikirie Ubuntu, utaratibu kamili wa kuendeshea kompyuta uliotolewa kwanza mwaka 2004 kwa juhudi ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika ya Kusini. Jina hilo kila Mswahili atalitambua, maana ni ndugu ya neno letu utu.

Walimu wasiodai karo

Mathieu Nebra alikuwa kijana mdogo wa shule katika Ufaransa, mwenye umri wa miaka 13, alipotaka kujifunza kutengeneza tovuti. Vitabu alivyovipata vilikuwa vigumu, vimeandikwa kwa watu wanaojua tayari. Hakukaa akinung'unika. Kila alichokifahamu alikiandika kwa maneno mepesi, na mwaka 1999 akakiweka katika tovuti kwa ajili ya wenzake wasiojua kitu. Kazi hiyo ya mtoto ilikua ikawa shule kubwa, ambayo leo huitwa OpenClassrooms, na masomo yake mengi husomwa bure. Kwa kuwa ni ya Kifaransa, mwanafunzi wa Bunia aweza kuyafuata kwa lugha aliyoisoma shuleni.

Shule nyingine ni freeCodeCamp, iliyoanzishwa na Mmarekani Quincy Larson mwaka 2014. Humo mwanafunzi huandika, hukosea, husahihishwa papo hapo, na akimaliza kazi zote zinazotakiwa hupewa cheti pasipo malipo. Na kwa kutafuta maana ya alama moja moja, hakuna kamusi bora kuliko MDN ya shirika la Mozilla, iliyoanza mwaka 2005. Kurasa zake nyingi zapatikana kwa Kifaransa.

Lakini mega zatoka wapi? Hapa ndipo penye ugumu wetu, na hapa ndipo akili inapotakiwa. DevDocs ni mkusanyo wa kamusi za mafundi. Ukiufungua mara moja mahali penye intaneti, ukaagiza uhifadhiwe, utausoma nyumbani bila mtandao. Vivyo hivyo Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007, humwezesha mtu kupakua Wikipedia nzima na vitabu vingine, akavitia katika kadi ya simu au kompyuta ya shule, vikasomwa mahali pasipo mtandao kabisa. Mtu mmoja akinunua mega na kupakua, wenzake ishirini watanakili kwa flashi, wala hakuna aliyeibiwa.

Hivyo ndivyo tulivyomshauri yule kijana. Hakuanza peke yake. Alitafuta wenzake wanne, wakachanga faranga kila juma, wakachagua siku moja ya kupakua masomo. Siku nyingine walikaa kuzunguka kompyuta moja, kila mmoja saa yake, umeme ulipokuwapo. Ulipokatika waliandika katika madaftari, na uliporudi waliyajaribu waliyoyaandika. Mmoja wao alituambia ya kwamba yale ya madaftarini ndiyo aliyoyashika zaidi.

Kiwanja cha bure, na mtego wake

Nyumba huhitaji kiwanja. Tovuti nayo huhitaji kuwekwa katika kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana. Kwa kurasa za kawaida, kama za shule, parokia, chama cha wakulima au duka la fundi cherehani, GitHub hutoa nafasi hiyo bure tangu mwaka 2008 kwa jina la GitHub Pages. Anwani yake huishia kwa github.io. Yapasa kukumbuka kuwa mafaili uwekayo humo kwa bure huonekana na watu wote. Kwa hiyo usiweke majina, picha wala makao ya watu wanaoweza kudhuriwa, hasa watoto na wakimbizi wa ndani. Katika Ituri neno hilo si dogo: mpo penye watu waliokimbia usiku, na wanaowatafuta nao wana simu.

WordPress, iliyotolewa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, nayo ni programu ya bure, nzuri kwa tovuti yenye habari mpya kila mara. Ila kiwanja chake kwa kawaida hulipiwa. Wanaokitoa bure hutia matangazo yao.

Sasa tuseme juu ya mtego. Kwa miaka mingi kampuni moja iitwayo Freenom iligawa bure majina ya tovuti yaliyoishia kwa alama za nchi fulani, nyingine zikiwa za Afrika: .ga ya Gabon, .cf ya Afrika ya Kati, .ml ya Mali, .gq ya Guinea ya Ikweta. Vijana wengi walifurahi wakayachukua. Wadanganyifu nao waliyachukua kwa wingi, hata majina hayo yakapata sifa mbaya. Mwaka 2023 Freenom iliacha kuandikisha majina mapya, na mwaka huo huo Gabon ilirudisha .ga mikononi mwake. Majina kwa mamilioni yakafutika, na waliokuwa wamechapisha anwani zao katika kadi na mabango wakabaki mikono mitupu.

Fundisho ni hili: chombo cha bure cha kujifunzia kipokee kwa moyo mweupe, lakini jina la kudumu la kazi yako ulilipie siku utakapoweza. Nchi yetu ina alama yake, .cd, iliyochukua mahali pa .zr mwaka 1997. Jina lenye alama hiyo hulipiwa kila mwaka, na ni gharama ya haki, kama kodi ya kiwanja.

Bure, huru, na wizi

Maneno haya matatu watu huyachanganya. Kitu cha bure ni kile usichokilipia. Kitu huru ni zaidi: waruhusiwa kukitumia upendavyo, kuchungua kilivyoundwa, kukigawa kwa jirani, na kukitengeneza kiwe bora zaidi. Mmarekani Richard Stallman alianza kuupigania uhuru huo mwaka 1983. GIMP, Inkscape, Notepad++ na WordPress ni vya namna hiyo: ukimnakilia mwenzako, hukumkosea mtu. Nakala ya programu ya kulipiwa iliyovunjwa kufuli haikuwa ya bure wala huru. Ni mali ya mtu, na mara nyingi aliyeivunja ametia ndani yake kitu chake mwenyewe, kama yule kijana alivyoona.

Picha nazo zina wenyewe. Kuonekana katika intaneti si kuruhusiwa. Tafuta katika Wikimedia Commons, ghala iliyofunguliwa mwaka 2004, ambayo picha zake zina ruhusa iliyoandikwa wazi. Mara nyingi sharti ni moja tu: kumtaja aliyeipiga. Basi mtaje. Wewe pia siku moja utatamani kutajwa.

Tena, mhurumie msomaji wako. Picha iliyopigwa kwa simu yaweza kuwa na mega tatu au nne. Ukiziweka kumi katika ukurasa mmoja, mama aliyenunua mega kidogo pale sokoni atazimaliza zote kabla hajaona bei ya kahawa. Zipunguze kwa GIMP, au kwa Squoosh, hata kila moja iwe na kilo mia moja au mia mbili. Jaribu kurasa zako kwa simu ya bei ndogo kabla ya kuzitangaza. Fundi ajulikana kwa namna anavyomfikiria yule asiye na kitu.

Kwa nini tunalisema hili

Labda baba mmoja atasema: "Mwanangu ana njaa, nanyi mwamweleza habari za kurasa!" Neno lake ni la haki, nasi hatutamdanganya. Ufundi huu haulishi mtu mwezi wa kwanza, wala hakika wa sita. Wako watakaojaribu wakauacha. Umeme hukatika, mtandao hukatika, na mteja wa kwanza huenda akalipa kwa ahadi.

Lakini tazameni upande wa pili. Kijana asiye na kazi katika Ituri haachwi akae bure. Wako wanaomwita mashimoni kwa dhahabu, na wako wanaomwita porini kwa bunduki. Hao hawadai diploma wala karo. Vyombo vyao nao huvitoa bure. Je, sisi wazazi na walimu tutashindwa kuonyesha kwamba hata majembe mema hupatikana kwa bei ile ile?

Tena mtu wa mbali akiandika jina Bunia katika simu yake, hukutana kwanza na habari za vita na za wakimbizi. Hatusemi kuwa ni uwongo. Wengi wetu tumezika watu wetu. Lakini nani atamwonyesha kahawa ya Mahagi, samaki wa Ziwa Albert, na okapi wa Epulu, ambaye hifadhi yake iliandikwa mwaka 1996 katika urithi wa dunia? Nani atawaandikia mafundi seremala, vyama vya wakulima na shule zetu ukurasa wa heshima? Mgeni hataziandika. Zawangoja watoto wa hapa.

Wanafunzi wetu wanamjua Mtakatifu Carlo Acutis, kijana Mwitalia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Huyo alijifunza mwenyewe kutengeneza tovuti, akautumia ufundi wake kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi. Hakungoja kuwa mtu mzima ndipo aanze.

Yule kijana wa flashi, tulipomwona mara ya mwisho, alituonyesha ukurasa wa mama mmoja anayeshona sare za shule. Una picha tatu ndogo, bei, na namba ya simu. Rangi yake ya kijani ilikuwa kali mno, nasi tulimwambia. Alicheka akasema ya kwamba mama mwenyewe ndiye aliyeichagua, na kwamba amekwisha kumlipa: si fedha, bali sare mbili za wadogo zake.

"Na dola zako ishirini?" tukamwuliza.

"Mwalimu," akajibu, "hizo zilikuwa karo."